Dawa ya Magugu Ikishaingia Udongoni

(Yafuatayo ni maneno ya hotuba iliyosomwa na mfasiri mmoja wa Serikali mbele ya wakulima wa mpunga huko Mwea. Tumeyapiga chapa ili wale ambao hawakuweza kuhudhuria nao wapate faida.)



Kwanza yanipasa niwaambie mimi ni nani, maana mtu asipojulikana maneno yake hupokewa nusu. Mimi si Bwana Shamba. Kazi yangu ni kukaa mezani na kuyageuza maneno ya wataalamu yawe Kiswahili, ili yasomwe na watu wote. Nimekuja kuzungumza nanyi habari ya dawa za kuua magugu kwa sababu niliwahi kukosea katika kazi hiyo, na kosa langu lilimgharimu mtu mmoja jasho lake.

Miaka kadhaa iliyopita niliandika karatasi ya maelezo ya dawa moja. Wataalamu walikuwa wamesema ya kuwa katika siku 60 dawa hiyo hupungua ikawa nusu. Mimi nikaandika, "Nusu ya dawa hii huisha kwa siku 60." Maneno hayo hayakuwa ya uongo, bali yalikuwa hayakutimia. Mzee mmoja akayasoma, akapiga hesabu kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili angalipiga: nusu ya kwanza siku 60, nusu ya pili siku 60, jumla siku 120. Basi baada ya kuvuna mpunga wake akangoja mpaka siku hizo zikatimia, akapanda mboga katika shamba lile lile. Miche ikatoka dhaifu, ikageuka manjano, ikafa.

Alikuja ofisini na karatasi yangu mkononi. Hakunigombeza. Aliketi, akaikunjua, akaniuliza, "Mwanangu, nusu na nusu si kitu kizima? Hii iliyoua mboga zangu imetoka wapi?"

Sikuwa na jibu. Nikaenda kuwauliza waliojua, nikarudi kwake kumweleza na kumwomba radhi. Leo nataka kuwaeleza ninyi nyote yale niliyojifunza, ili asiwepo mwingine wa kupata hasara kama ile.

HESABU YA NUSU

Dawa ndani ya udongo haiishi kama gunia la unga ambalo kila siku hutolewa kibaba kile kile. Hupungua kwa kadiri ya kile kilichosalia. Ikiwa muda wake wa nusu ni siku 60, basi siku ya 60 imebaki nusu. Siku ya 120 imebaki nusu ya ile nusu, yaani robo. Siku ya 180 imebaki sehemu moja katika nane, na siku ya 240 sehemu moja katika kumi na sita. Ile robo ndiyo iliyoua mboga za mzee wetu.

Tena muda huo si amri iliyokatwa. Huo ni wastani tu. Udongo wenye joto, unyevu na uhai mwingi huimaliza dawa upesi, na udongo mkavu au wa baridi huikawiza. Kwa hiyo anayetaka kupanda zao jingine baada ya mpunga asitumaini hesabu peke yake. Na asome kibandiko cha chupa, kwani dawa nyingine huandikwa humo ni zao gani lisipandwe na kwa muda gani. Kisha na apande mbegu chache mahali padogo, azitazame wiki mbili au tatu. Mbegu hizo zikistawi, na aendelee. Zikinyauka, amepoteza konzi moja badala ya shamba zima.

MAMBO MANNE YANAYOIPATA DAWA

Dawa inapotoka katika bomba la mgongoni na kuanguka juu ya jaruba, hupatwa na mambo manne, na yote hutukia kwa pamoja.

La kwanza, udongo huishika. Mimina mafuta kidogo juu ya kigae, na kidogo juu ya gunia. Ya kigaeni yatateleza, ya guniani yatanywewa. Mchanga ni kama kigae. Udongo wa mfinyanzi na mboji, yaani mabaki ya majani na mizizi iliyooza, ni kama gunia. Udongo mweusi wa Mwea, ule unaonata viatuni wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi, una mfinyanzi mwingi sana. Kwa sababu hiyo kipimo kinachofaa katika udongo mzito chaweza kuwa kikubwa mno katika udongo wa kichanga, kikaudhuru mpunga wenyewe. Mtu asiazime kipimo cha jirani kabla ya kuutazama udongo wake.

La pili, maji huichukua. Dawa isiyoshikwa na udongo hufuata maji, ama chini kuelekea mizizi, ama pembeni kupitia tuta lililotoboka hadi mferejini.

La tatu, jua na hewa huipunguza. Dawa nyingine huvunjwa na mwanga wa jua, nyingine hupaa kama mvuke juu ya maji ya moto wa mchana.

La nne, vijidudu vya udongoni huila. Kijiko kimoja cha udongo kina viumbe wengi wasioonekana kwa macho kuliko watu wote wa wilaya nzima, na wengine kati yao huifanya dawa kuwa chakula. Mnamo 1949 mtaalamu wa mimea wa London, L. J. Audus, alionyesha jambo la ajabu. Alipitisha maji yenye dawa iitwayo 2,4-D katika udongo, tena na tena. Mara ya kwanza udongo ulikawia siku nyingi kabla ya kuanza kuila. Lakini ulipokwisha kuizoea, dawa mpya iliyotiwa ililiwa upesi sana. Kwa hiyo anayesema, "Zamani dawa hii ilikuwa na nguvu, siku hizi wameichanganya na maji," huenda akawa anamshtaki mwenye duka bure. Pengine ni udongo wake umezoea chakula kile kile.

SHAMBA LA MPUNGA SI KAMA SHAMBA LA MAHINDI

Katika shamba la mahindi hewa hupita ndani ya udongo. Katika jaruba la mpunga maji huifungia hewa mlango. Ukikata tope lililokaa na maji siku nyingi, utaona utando mwembamba wa rangi ya hudhurungi juu kabisa, na chini yake udongo wa kijivu wenye kunuka. Ule utando wa juu hupata hewa kidogo itokayo majini. Wa chini haupati kabisa. Vijidudu vya mahali hapa pawili si wa kabila moja, na kazi zao hutofautiana.

Basi dawa inayoisha upesi katika udongo wenye hewa yaweza kukaa muda mrefu katika tope. Ile 2,4-D ni mfano mzuri: katika udongo wenye hewa muda wake wa nusu huwa kama siku 10 hivi, lakini mahali pasipo hewa hukawia mno kuliko hapo. Kwa hiyo asiwepo mtu wa kuchukua habari za dawa kutoka kwa mkulima wa mahindi na kuzitumia jarubani bila kuuliza.

DAWA ZA NAMNA TATU

Nitazigawa dawa katika namna tatu, kwa jinsi zinavyotenda udongoni. Ninazitaja kwa majina ya kitaalamu, kwa sababu majina ya biashara hubadilika kila siku. Jina la kitaalamu huandikwa kwa herufi ndogo chini ya lile kubwa.

Namna ya kwanza ni zile zinazokamatwa mara moja. Glaifoseti na parakwati zikigusa udongo hushikwa kwa nguvu hata hazina tena uwezo wa kudhuru mbegu. Hizi huua magugu ya kijani yaliyokwisha kuota tu. Mtu akizinyunyiza juu ya tope tupu akitumaini kwamba mbegu za magugu hazitaota, amemwaga fedha. Na akichota maji ya tope mferejini akayatia katika bomba lake, udongo uliomo katika maji hayo huikamata dawa ingali ndani ya bomba. Kisha hulalamika kwamba amepewa dawa bandia. Chotea dawa hizi maji safi. Na parakwati, jamani, haina dawa ya kuipoza: hata funda dogo huua mtu. Dawa yoyote isitiwe kamwe katika chupa ya soda, wala isiwekwe mahali ambapo mtoto hufika.

Namna ya pili ni zile zinazolala juu ya udongo kama blanketi. Humo mna oksadiazoni, butaklori na pretilaklori. Hizi hushikwa na udongo kiasi cha kutozama, lakini si kiasi cha kupotewa na nguvu. Hukaa katika sehemu ya juu, kama upana wa kidole hivi. Mbegu nyingi za magugu ni ndogo, nazo huota katika sehemu hiyo hiyo. Chipukizi likipita hapo, hufa. Mche wa mpunga uliopandikizwa umekwisha kukua, na mizizi yake iko chini ya blanketi. Hivyo magugu hufa na mpunga huokoka, ingawa wote wamo katika jaruba moja.

Mkilifahamu jambo hilo, mtafahamu pia makosa yetu mengi. Dawa za namna hii zatakiwa kutiwa mapema, kabla magugu hayajaota au yakiwa machanga sana. Mkulima anayengoja mpaka aone kijani ndipo akakope fedha za dawa amechelewa. Miche ikipandikizwa juu juu, mizizi yake inalala ndani ya blanketi, nayo huumia. Na anayepanda mbegu moja kwa moja tope, bila kitalu, ameiweka mbegu yake mahali pale pale pa mbegu za magugu. Huyo lazima atafute dawa iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Kwa mfano, kuna pretilaklori iliyochanganywa na fenklorimu, ambayo kazi yake ni kuukinga mpunga mchanga.

Namna ya tatu ni zile zinazoingia kwa majani, kama vile propanili, bispiribaki na ile 2,4-D. Ikiwa magugu yamezama, dawa hizi haziyagusi. Hapo yafaa maji yatolewe kwanza ili majani yaonekane, dawa inyunyizwe, kisha maji yarudishwe baada ya siku chache kama kibandiko kinavyoagiza. Atakayechelewesha maji ataona magugu mapya yakiota nyuma ya yale aliyoyaua. Na propanili ina sharti lake: mpunga huokoka kwa kuwa una uwezo wa kuivunja ndani ya jani. Baadhi ya dawa za wadudu huuondoa uwezo huo. Mtu akizichanganya, au akizifuatanisha kwa siku chache, huuchoma mpunga wake mwenyewe.

MAJI NDIYO MLINZI

Wataalamu wote niliowauliza walinirudisha kwenye maji. Baada ya kutia dawa ya kulala, maji yatulie jarubani, kina cha vidole viwili au vitatu, bila kutoka wala kuingia kwa nguvu, kwa muda ulioandikwa. Yakitoka, dawa imetoka nayo. Yakikauka na udongo mweusi ukapasuka, blanketi limeraruka. Kila ufa ni mlango wa magugu, na dawa nyingine huzama ndani ya nyufa hizo, mahali isipohitajiwa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta, na mkulima wa mpunga ana sababu ya kuikumbuka methali hiyo kuliko wengine.

Kadhalika shamba lisilosawazishwa halina faida ya dawa. Palipoinuka hapana maji, kwa hiyo magugu huota. Palipoinama maji na dawa hukusanyika, na mpunga hudhoofika. Mkiona jaruba lina mabaka ya ndago hapa na miche iliyodumaa pale, msikimbilie kuongeza kipimo. Tazameni usawa wa ardhi kwanza, kisha tazameni matuta kama yana matundu ya panya na kaa. Wala msitembee-tembee katika jaruba siku zile dawa inapolala, kwa maana kila unyayo hulipasua blanketi.

YALIYOWAPATA WENGINE

Sasa nizungumze habari za majirani. Maji yanayotoka katika mashamba yetu hayapotei. Mito ya Thiba na Nyamindi, inayotunywesha, hushuka ikaungana na Tana, na Tana hupita nchi kavu hata baharini. Njiani wako watu wanaokunywa, ng'ombe wanaonyweshwa, na wavuvi; na huko chini karibu na pwani wako Wapokomo, ambao wamelima mpunga kando ya mto huo tangu zamani.

Katika Japani, wakulima wa mpunga walitumia dawa ya magugu iliyoitwa PCP. Mnamo 1962 mvua kubwa ziliikumba dawa hiyo kutoka mashambani zikaipeleka katika bahari ya Ariake na ziwa Biwa, na samaki na kombe wakafa kwa wingi. Wakulima wale hawakuwa na nia mbaya. Walitaka mpunga tu.

Katika jimbo la California, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1980 samaki walikufa katika mifereji ya kutolea maji ya mashamba ya mpunga, na maji ya kunywa ya mji wa Sacramento yakawa na ladha chungu kwa ajili ya dawa ya magugu. Je, waliacha kulima mpunga? La hasha. Waliamriwa kuyazuia maji jarubani kwa siku zilizohesabiwa kabla ya kuyafungulia, na kwa dawa nyingine siku hizo zilifikia kama mwezi mmoja. Katika muda huo udongo, jua na vijidudu vilifanya kazi yao, na dawa iliyofika mtoni ikapungua sana. Angalieni kwamba lile lile lililowalinda watu wa mjini liliwafaa na wakulima wenyewe, kwa kuwa dawa waliyoilipia ilibaki shambani kwao. Tuta likiwa zima, faida ni ya pande zote mbili. Lakini maji yakimwagika hayazoleki.

DAWA HAITOSHI PEKE YAKE

Mama zetu wameinama katika majaruba haya tangu mifereji ya Mwea ilipochimbwa katika miaka ya 1950, kazi iliyofanywa kwa mikono ya watu waliokuwa kizuizini wakati wa Hali ya Hatari. Sithubutu kumwambia mama aliyeumwa mgongo kwa kung'oa magugu kwamba dawa ni kitu kibaya. Dawa imemrahisishia. Lakini nasema isimame pamoja na wenzake: mbegu safi isiyochanganyika na za magugu, kuvuruga tope vizuri, kusawazisha, miche yenye nguvu, maji kwa wakati wake, na mashine ya kusukuma kati ya mistari, kwa wale wanaopanda kwa mistari. Wiki sita za mwanzo ndizo za vita. Mpunga ukikwisha kufunika maji kwa kivuli chake, hujipigania wenyewe.

Tena msitumie dawa ya namna moja kila msimu. Nimekwisha kusema udongo huizoea. Magugu nayo huizoea. Huko Arkansas, Marekani, baada ya propanili kutumiwa miaka mingi, nyasi zinazofanana na mpunga zilipata uwezo ule ule wa mpunga wa kuivunja dawa ndani ya jani, zikawa haziui tena. Badilisheni dawa, na mbadilishe kwa namna ya kutenda kwake, si kwa rangi ya chupa.

Mwisho, kabla ya kununua, hakikisheni kwamba dawa imeandikishwa na bodi ya Serikali inayosimamia dawa za mashambani, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1982. Orodha hiyo hubadilika. Dawa iliyoruhusiwa zamani yaweza kuwa imeondolewa. Mwulizeni Bwana Shamba au Bibi Shamba. Vaeni viatu, glavu na kitambaa cha kufunika pua, msinyunyize upepo ukivuma, na vyombo visioshwe mferejini.

Yule mzee wa mboga yupo hapa leo, ameketi upande wa kulia, naye ameniruhusu kusimulia habari yake. Nilipomweleza hesabu ya nusu, alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Kumbe ni kama deni. Unalipa nusu, unadhani umemaliza, lakini lililobaki bado lina jina lako." Tangu siku ile, kila ninapoandika karatasi ya dawa humsomea yeye kwanza. Asipoifahamu, naiandika upya.

Nanyi fanyeni vivyo hivyo. Karatasi msiyoifahamu, irudisheni kwetu. Mkulima hana haya ya kuona kwa kuuliza maana ya neno, bali sisi tulioliandika ndio tunaopaswa kuona haya ikiwa halikueleweka.